Kabla hujaandika "Lord Delamere", uliza ni yupi

Babu yangu alikuwa akisema, "Nilichunga ng'ombe wa Delamere," basi, hasemi zaidi. Nilipoanza kuandika historia ya ukoo wetu, nikamweka pamoja na yule Lord Delamere wa vitabuni, mlowezi Hugh Cholmondeley, aliyeingia nyanda za juu za Kenya mwaka 1897 akitokea Somalia. Nikaisoma sura hiyo mbele ya jamaa. Shangazi akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Baba alienda Soysambu, shamba la Delamere, wakati wa vita vya Hitler. Huyo Mzungu wako alikufa lini?"

Alikufa 1931. Sura nzima niliifuta.

Kwa hiyo nakusihi, wewe unayekusanya habari za wazee waliofanya kazi mashambani kule Nakuru na Naivasha: Delamere si mtu mmoja. Ni cheo cha kurithi cha Uingereza, na anayekishika huitwa baroni; kila baroni anapokufa humwangukia mwingine. Jina lao la ukoo ni Cholmondeley, nalo hutamkwa "Chamli", kwa hiyo ukilitafuta vitabuni kama ulivyolisikia hutalipata. Cheo kilitolewa 1821, mwaka alipotawazwa Mfalme George IV, kwa Thomas Cholmondeley wa Vale Royal, Cheshire, aliyewahi kuwa mbunge. Mwanawe Hugh akawa wa pili. Aliyekuja kwetu ni wa tatu, naye alirithi 1887 akiwa na miaka 17, kabla hajaiona Kenya. Wa nne ni Thomas, aliyezaliwa 1900 na kufariki 1979. Huyo ndiye aliyekuwa mwajiri wa babu.

Siku hizi kila nikikutana na jina hilo naandika pembeni ya daftari namba ya baroni, mwaka aliorithi na mwaka aliokufa. Ni kazi ya dakika mbili. Ukienda nyuma zaidi utawakuta akina Delamer wengine, ukoo wa Booth wa Dunham Massey, Cheshire hiyohiyo, waliopewa cheo 1661 na kikakoma 1770. Hao waache, hawahusiki.

Jambo linaloniuma zaidi ni watu kuchanganya cheo na ardhi. Hati ya mfalme ya 1821 ilimpa Thomas jina na kiti katika Bunge la Malodi, vyote vya kupita kwa watoto wa kiume. Haikutoa hata ekari moja ya Bonde la Ufa. Zile ekari 100,000 za Njoro baroni wa tatu alikodishwa na serikali ya kikoloni, miaka ileile ambayo Wamaasai walikuwa wanahamishwa kutoka bondeni kwa mkataba wa 1904. Ukisema "walirithi shamba pamoja na ulodi", umewafuta watu waliokuwa wakilisha mifugo hapo. Habari za ardhi zitafute kwenye nyaraka za serikali ya koloni, pale Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Nairobi, usizitafute kwenye orodha ya mabaroni.

Na kabla ya kwenda huko, waulize wazee wa nyumbani kama kuna aliyehifadhi kipande, kile cheti ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho. Ndani yake waliandika jina la mwajiri na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Cha babu alikuwa nacho shangazi, sandukuni, muda wote huo.