Mgeni Apokelewe Barazani, Hazina Ibaki Ndani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo mkoani Morogoro. Taarifa za wanachama wetu tunazitunza katika kanzidata (hifadhi ya taarifa kwenye kompyuta) ya MySQL iliyo kwenye seva ya ofisini. Sasa tuna matawi Kilosa na Ifakara, na makarani wa huko wanahitaji kusoma na kuingiza taarifa kupitia kivinjari. Kijana anayetusaidia kazi za kompyuta anapendekeza tufungue poti 3306 (mlango wa mawasiliano wa kanzidata) kwenye ruta ili matawi yaunganishwe moja kwa moja. Je, kuna hatari?

JIBU: Ndugu Katibu, hatari ipo, tena kubwa, na ninakuomba pendekezo hilo lisitekelezwe hata kwa siku moja ya majaribio. Poti 3306 ndiyo inayotumiwa na MySQL kwa kawaida, na zipo programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikibisha hodi anwani moja baada ya nyingine, na zikikuta poti ya namna hiyo iko wazi huanza kubahatisha nywila. Mwanzoni mwa mwaka 2017 maelfu ya kanzidata za MongoDB, programu nyingine ya aina hiyo, zilizoachwa wazi kwenye intaneti bila nywila zilifutwa, na mahali pa data ukaachwa ujumbe wa kudai malipo. Wenyewe hawakuwa wamegombana na mtu. Walipatikana kwa sababu tu mlango haukufungwa.

Katika nyumba zetu za pwani mgeni hupokelewa barazani, na vitu vya thamani hukaa chumba cha ndani. Nanyi fanyeni hivyo: kivinjari cha karani kizungumze na programu ya tovuti kwa HTTPS, yaani mawasiliano yaliyosimbwa yasisomwe njiani, na programu hiyo peke yake ndiyo izungumze na kanzidata. Ikiwa zote mbili zimo katika seva moja, MySQL ipangwe isikilize anwani 127.0.0.1 tu, yaani isipokee mawasiliano kutoka nje ya mashine hiyo. Na kwa kuwa watumiaji wenu kwa sasa ni makarani wachache wanaojulikana, mimi ningeiweka hata tovuti yenyewe nyuma ya VPN, yaani njia ya faragha mtandaoni kwa walioruhusiwa tu, kwa mfano WireGuard, mpaka itakapofika siku ya kuwafungulia wanachama wote.

Programu isiingie kwenye kanzidata kwa akaunti ya msimamizi mkuu. Ifunguliwe akaunti yake, yenye ruhusa ya kusoma, kuongeza na kurekebisha majedwali inayoyahitaji, bila uwezo wa kufuta jedwali.

Hata hivyo, jambo ninalolihofia zaidi ni namna programu itakavyoandikwa. Tuseme kuna kisanduku cha kuandika namba ya uanachama, na mwandishi wa programu ameunganisha tu kile kilichoandikwa na amri ya SQL, lugha ya kuiagiza kanzidata. Mtu akiandika ' OR '1'='1 badala ya namba, kanzidata itayachukua maneno hayo kuwa sehemu ya amri, na kwa kuwa moja daima ni sawa na moja, itatoa taarifa za wanachama wote badala ya mmoja. Udhaifu huu umejulikana hadharani tangu mwaka 1998, na inanisikitisha kwamba bado unakutwa katika mifumo mipya. Kinga yake ni kutumia amri zinazoandaliwa mapema, ambazo hupelekwa kwenye kanzidata zikiwa na nafasi tupu, kisha thamani zikafuata kando. Hapo lolote atakaloandika mtu litabaki kuwa thamani na halitasomwa kuwa amri. Mwambie kijana wako akuonyeshe kila mahali programu inapogusa kanzidata, na asiruke hata mahali pamoja.

Nywila za makarani zisihifadhiwe kama zilivyo, bali zipitishwe kwenye bcrypt au Argon2, mbinu zinazoigeuza nywila isiweze kurudishwa ilivyokuwa. Nakala rudufu zikae nje ya seva hiyo, na mjaribu kuzirejesha. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

SWALI: Nikiona alama ya kufuli kwenye kivinjari, je, mfumo ni salama? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Kufuli lina maana kwamba mawasiliano yamesimbwa njiani na kwamba cheti, yaani kitambulisho cha tovuti, ni cha anwani iliyoandikwa pale juu. Halisemi lolote kuhusu kanzidata iliyo nyuma yake, na hata tovuti ya matapeli inaweza kuwa na kufuli, kwa sababu huduma iitwayo Let's Encrypt hutoa vyeti bila malipo kwa yeyote anayethibitisha kwamba anaimiliki anwani yake. Vyeti hivyo kwa kawaida vimekuwa vya siku 90, kwa hiyo mwenye mfumo aweke utaratibu wa kuvihuisha vyenyewe. Kivinjari kikikuonya kuwa cheti kimepitwa na muda, usiandike nywila yako. Mpigie simu msimamizi kwanza.