Kompyuta ikigoma kuwaka, okoa mafaili kabla ya kupiga Windows

Kabla hujamruhusu mtu yeyote akupigie Windows upya, yaani aisakinishe tena kuanzia mwanzo, muulize: ukimaliza, mafaili yangu yatakuwa wapi? Kwa miaka mingi ndugu na majirani wamekuwa wakiniletea kompyuta zilizogoma. Zilizokufa moja kwa moja siziwazi sana. Zinazoniuma ni zile zilizotoka kwa fundi zikiwa nzima kabisa, zinawaka bila shida, ila ndani hamna kitu. Mwalimu mmoja wa mtaani kwetu alirudishiwa kompyuta yake ya mezani hivyo. Maandalio ya masomo, mitihani aliyoitunga mwenyewe, picha za baba yake ambaye sasa ni marehemu, vyote vilifutwa. Fundi alisema kilichoharibika ni Windows tu. Basi kama ni Windows tu, picha za marehemu zilikosa nini?

Hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo. Windows na mafaili yako vinakaa kwenye diski moja, lakini ni vitu viwili tofauti. Windows ikivurugika, mara nyingi picha na barua zako ziko pale pale, hazijaguswa. Anayezifuta ni mtu anayefomati, yaani anayeifuta diski ili aanze upya, bila kuuliza.

Anza kwa kuangalia imegoma vipi. Kama hakuna taa wala feni haizunguki, shida ni ya umeme, mafaili hayahusiki kabisa. Jaribu soketi nyingine na waya mwingine. Kwa laptop, chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka, shikilia kitufe cha kuwashia kama nusu dakika, kisha rudisha chaja uwashe. Umeme uliobaki ndani huweza kuifanya igande, na njia hii huumaliza.

Kama taa inawaka na feni inazunguka lakini kioo ni cheusi, au mashine inalia pii pii, mimi huanzia kwenye RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu ya muda kilichochomekwa kwenye ubao mkuu. Zima, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha boksi kwanza ili utoe umeme uliomo mwilini mwako, kisha ichomoe RAM. Sugua taratibu sehemu yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, pangusa vumbi la ufutio, irudishe hadi vibanio vijifunge. Huku kwetu pwani, kwa unyevu na chumvi ya hewani, kazi hii ndogo imefufua kompyuta nyingi zilizokuwa zimeshakatiwa tamaa.

Kuna betri ndogo ya duara kwenye ubao mkuu, CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya mashine wakati imechomolewa. Ikiisha, tarehe inarudi nyuma miaka, na wakati mwingine kompyuta inadai haioni diski ya kuwashia. Mtu akiona hivyo anadhani diski imekufa. Badilisha betri, weka tarehe sawa, hakikisha kwenye mipangilio kwamba diski inaonekana, ndipo utoe hukumu.

Tuje kwenye shida inayoongoza kwa kufutisha mafaili ya watu: nembo ya Windows inatokea, inazunguka weee, kisha kioo cha buluu, na mashine inajizima na kujiwasha tena. Tarehe 19 Julai 2024 jambo hili liliikumba dunia. Kampuni ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro kwa programu yake ya ulinzi, na Microsoft ikakadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Ndege ziliahirishwa, baadhi ya hospitali na benki zikakwama. Tiba iliyotolewa ilikuwa kuwasha kompyuta katika hali salama (Safe Mode), ambapo Windows hufungua vile vya lazima tu, kufuta faili moja lililoharibika, na kuwasha upya. Kilichoonekana kama kifo kilikuwa faili moja tu.

Kwa hiyo ya nyumbani nayo ipe nafasi. Iwashe, nembo ikitokea, izime kwa kushikilia kitufe. Rudia hivyo, na baada ya mara mbili au tatu Windows 10 au 11 itafungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Ingia palipoandikwa Troubleshoot, kisha Advanced options. Mimi huanza na Startup Repair. Ikishindikana na shida ilianza baada ya sasisho, naenda Uninstall Updates. System Restore huirudisha Windows kwenye hali ya siku za nyuma. Picha na nyaraka zako haizigusi, ila programu ulizoweka baada ya siku hiyo zitaondoka. Palipoandikwa Reset this PC usipaguse, hata kama panakuahidi kubakiza mafaili yako, mpaka uwe na nakala yake pembeni.

Lakini sikiliza kwanza. Diski ya kuzunguka ikigonga tak, tak, tak, au kompyuta imekuwa nzito mno kwa wiki kadhaa kabla ya kugoma, huenda diski inaumwa. Hapo acha marekebisho yote. Usiendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, maana itailazimisha diski hiyo dhaifu kusoma na kuandika kwa nguvu, na inaweza kuimaliza. Kama bado inasomeka, anza na vile ambavyo huwezi kuvipata tena popote. Kama inagonga mfululizo, izime na umpelekee mtu anayefanya kazi ya kuokoa data.

Njia ninayoiamini ya kutoa mafaili ni flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Kwenye kompyuta ya jirani, pakua Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ya bure, kutoka tovuti yake. Ni GB kadhaa, hivyo tafuta Wi-Fi au bando la usiku. Iweke kwenye flashi ya GB 16 kwa programu ya Rufus, na kumbuka kwamba flashi hiyo itafutwa yote. Ichomeke kwenye kompyuta iliyogoma, washa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwashia, ambacho kwa mashine nyingi ni F12, F9 au Esc. Ikikuuliza, chagua kuijaribu. Usichague kuisakinisha! Fungua sehemu ya mafaili, ingia kwenye diski yako, kabrasha la Users, kisha jina lako. Nakili Documents, Pictures, Desktop na Downloads kwenye diski ya nje. Kama inakuruhusu kusoma tu bila kuandika, usihangaike, kwa kunakili inatosha.

Kikwazo kikubwa siku hizi ni BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski yote kwa siri. Laptop nyingi zinazokuja na Windows 11 hujifunga zenyewe mara unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na diski haitafunguka kwa Linux wala kwa fundi bila ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida uko kwenye akaunti yako, aka.ms/myrecoverykey. Kama kompyuta yako inawaka leo, nakuomba uingie leo, uunakili kwenye daftari, na daftari ulitunze. Akaunti yenyewe ikiwa ilifunguliwa na muuza duka kwa barua pepe yake, shughulikia hilo sasa, ukiwa bado unaweza kuingia.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, na wapo wazuri sana, toa diski kwanza kama shida ni kioo, kibodi au umeme. Kwenye kompyuta ya mezani ni waya mbili na skrubu chache, na kwa kazi hizo fundi haihitaji. Picha za familia hazina sababu ya kulala dukani.

Na kama kweli lazima Windows ipigwe upya, nunua SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, hata ndogo, Windows mpya iwekwe humo. Diski ya zamani itoke kabla kazi haijaanza na ibaki mkononi mwako, na jina lako limeandikwa juu yake kwa kalamu ya wino mzito.