Kadi Yako ya Kliniki Usiitupe

Mwanangu Kabula,

Marahaba. Juzi uliniuliza kwenye simu, mtoto akaanza kulia kabla sijakujibu: sukari iliyokupata ukiwa na mimba ya miezi sita imeshuka ulipojifungua, sasa kwa nini nesi anasisitiza urudi kupima, na moyo umeingiaje hapo? Leo nimeanua dagaa mapema nikuandikie.

Kushuka ni kweli imeshuka. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoifanya insulini ya mama, ile inayoshusha sukari kwenye damu, ifanye kazi kwa shida. Likishatoka, mzigo unatua. Lakini kila mjamzito huubeba mzigo huo, na wengi kongosho zao huongeza insulini zikaumudu. Yako ilielemewa. Ndiyo maana waliopata kisukari cha ujauzito huja kupata kisukari aina ya pili kwa wingi, karibu mara 10 ya wenzao.

Kuhusu moyo, mwaka 2019 ulitoka uchambuzi uliojumlisha wanawake zaidi ya milioni 5. Waliopitia uliyoyapitia walikuwa na hatari ya maradhi ya moyo na kiharusi takriban mara mbili ya wengine, na tofauti hiyo ilionekana ndani ya miaka 10 tu baada ya kujifungua. Kilichonigusa zaidi ni kwamba hata wale ambao hawakuja kupata kisukari, hatari yao ilibaki juu. Usiogope, mama. Kwa umri wako hatari yenyewe ni ndogo, na mara mbili ya kidogo bado ni kidogo. Ila inakua na miaka, nami sitaki ikukute hujui.

Mimi ilinikuta sijui. Kaka yako nilimzaa ana kilo 4.8. Wodi nzima ilikuja kumtazama, wakasema nimebarikiwa. Hakuna aliyewaza kwamba mtoto mkubwa hivyo huenda ni dalili ya sukari, wala aliyenipima, si kabla wala baada. Miaka ikapita. Siku moja natoka soko la Mwaloni napanda mlima wa Igogo, ndoo ya dagaa kichwani, taya likaanza kuuma kama jino bovu. Mgongo ukabana katikati ya mabega, jasho la baridi likanitoka. Nikatua ndoo juu ya jiwe, nikakaa. Likapoa. Kesho yake palepale, hivyohivyo. Zahanati moja ikanitibu vidonda vya tumbo miezi minne, nami nikakubali, kwani nilijua mwenye moyo hushika kifua akaanguka. Sikujua sisi wanawake ugonjwa wa moyo unaweza kutujia kwa uchovu, kichefuchefu, kukosa pumzi, au taya. Daktari aliyeugundua aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: katika mimba zako, uliwahi kuwa na sukari au presha? Sikuwa na la kumjibu.

Wewe jibu unalo, limeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Itunze pamoja na cheti cha mtoto. Kila daktari utakayekutana naye, hata baada ya miaka 20, mwambie kabla hajakuuliza. Ukishika mimba nyingine, mwambie nesi siku ya kwanza.

Kipimo kinachotakiwa sasa, wiki ya 6 hadi ya 12, ni kama kile cha mimba: unalala bila kula, unapimwa, unakunywa maji ya glukosi gramu 75, unapimwa tena baada ya saa mbili. Kikitoka salama, rudia kila mwaka, au angalau isipite miaka mitatu. Waombe wakupime na presha na mafuta kwenye damu. Endelea kunyonyesha, kunakusaidia na wewe. Ugali punguza uwe nusu ya ule wa kwa bibi yako, mboga ijae sahani, na jioni tembea hata kama ni na mtoto mgongoni.

Njoo Alhamisi, siku hizi daraja la Busisi limetuondolea foleni ya kivuko. Usile kitu asubuhi. Saa hizo mbili za kusubiri mtoto nitakaa naye mimi, na uji wako nitaubeba kwenye chupa ya chai.

Mama yako