Kwa wanaoanza kusoma Homer: someni mstari kabla ya kuhukumu

Muhula huu nimesahihisha rundo la insha kuhusu wanawake katika Iliad na Odyssey, tenzi mbili za Kigiriki cha kale zinazohusishwa na mshairi Homer, na nyingi zinafungua kwa sentensi ileile: "Homer aliwadharau wanawake." Wadogo zangu, nawapenda, lakini sentensi hiyo niliiandika mimi mwenyewe nilipokuwa mwaka wa pili na haikunifikisha popote. Undumilakuwili wa kijinsia, yaani kumhukumu mwanamke kwa kipimo kimoja na mwanamume kwa kingine, umejaa tele katika tenzi hizi. Kazi yenu ni kuuonyesha pale ulipokaa.

1. Tazameni anayesema ni nani. Katika kitabu (yaani sura) cha 11 cha Odyssey, roho ya Agamemnon, mfalme aliyeuawa kwa njama ya mkewe Clytemnestra, inalalamika kuzimu kwamba mke huyo amewapaka aibu wanawake wote, hata walio wema. Bwana huyu alikuwa amerudi nyumbani na Cassandra, binti mfalme wa Troy aliyetekwa vitani, na katika kitabu cha 1 cha Iliad alitangaza mbele ya jeshi kwamba anampendelea mateka Chryseis kuliko mke wake wa ndoa. Kisha nyinyi mnanukuu manung'uniko yake kama msimamo wa mshairi!

2. Fungueni matini ya Kigiriki, hata kama mnaisoma kwa kuchechemea. Niliwahi kusimama mbele ya semina kuzungumzia wajakazi 12, kati ya 50 wa nyumba ya Odysseus, wanaonyongwa katika kitabu cha 22 kwa kulala na waposaji wa Penelope, yaani wanaume waliotaka kumwoa mke huyo wa Odysseus mumewe asipokuwapo. Nilikuwa nimetegemea tafsiri moja ya Kiingereza ambamo Telemachus, mwana wa Odysseus, anawaita malaya, nikajenga kurasa sita juu ya neno hilo moja. Mwalimu wangu, mama mpole aliyekuwa akikoroga chai, akauliza: "Neno lenyewe kwa Kigiriki ni lipi?" Nikapitisha kidole mstari wa 462, wa 463, wa 464, huku darasa zima likinisubiri. Tusi halikuwapo. Kilichokuwapo ni kiwakilishi cha jinsi ya kike, ambacho Kiswahili chetu, kisichojali jinsia, kingekisema "wale" na kuendelea na safari. Tusi lilikuwa la mfasiri. Emily Wilson alipotoa tafsiri yake ya Odyssey kwa Kiingereza mwaka 2017 na kulieleza jambo hilo hadharani, niliona haya upya.

Nilidhani yameisha. Mwalimu akaniambia nirudi mstari wa 37 wa kitabu hichohicho, nisome kwa sauti. Hapo Odysseus mwenyewe anawashtaki waposaji kwamba walilala na wajakazi wake kwa nguvu. Kwa nguvu! Anayetamka shtaka hilo ndiye anayeamuru waliotendewa wauawe, na mimi nilikuwa nimeupita mstari huo mara tatu bila kusita. Kabla ya kufa, wanawake hao wanabebeshwa maiti za waposaji na kusafisha meza na viti kwa sponji. Baba ameagiza upanga; mwana anasema hawastahili kifo safi, anafunga kamba ya meli. Mshairi anawafananisha na njiwa walionaswa wavuni, kisha anaitazama miguu yao, iliyotikisika kidogo, si kwa muda mrefu. Huko nyuma Odysseus amekaa mwaka mzima kwa Circe na miaka saba kwa Calypso, miungu wa kike aliolala nao, na hakuna aliyeandaa kamba. Ni kweli kwamba katika kitabu cha 20 baadhi ya wajakazi wanatoka usiku wakicheka kwenda kwa waposaji. Msiufiche ushahidi huo, kwa sababu msahihishaji anaujua.

3. Andikeni "wajakazi," si "wafanyakazi wa ndani." Wa ndani huweza kuacha kazi; mjakazi ni mtumwa.

4. Lalamiko la Calypso katika kitabu cha 5 lisomwe lote. Anamwambia Hermes, mjumbe wa miungu, waziwazi kwamba miungu huwaonea wivu miungu wa kike wanaolala na wanaume wa duniani: Orion, mpenzi wa mmoja wao, aliuawa na mungu wa kike Artemis; Iasion, mpenzi wa mwingine, akapigwa radi na Zeus, mkuu wa miungu. Kumbukeni kwamba katika kitabu cha 14 cha Iliad Zeus huyohuyo anamhesabia mkewe Hera orodha ya wanawake aliolala nao, tena kama maneno ya mahaba.

5. Tajeni kitabu na mstari, kila mara.

Na yule aliyeandika juzi kwamba wajakazi "walipata walichostahili" anione kabla ya Ijumaa, aje na mstari wa 37 akiwa ameusoma kwa sauti. Chai nitaandaa mimi.