Kabla hujailaumu miguu, angalia siti

Wadogo zangu mnaoanza kwenda kazini Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, kwa baiskeli, wengi wenu mnakaa chini mno. Nawaona barabara ya Morogoro, magoti yanakaribia kifua, jasho linatiririka na baiskeli haisogei. Nami niliendesha hivyo miezi minne, mpaka goti la kulia likaanza kuuma kwa mbele. Kushuka ngazi ikawa lazima nishike ukuta.

Fundi mmoja wa Majengo ndiye aliyenifumbua macho. Alinikalisha juu ya baiskeli nikiwa nimeegemea ukuta, akasema niweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Hapo mguu unatakiwa unyooke wote. Ukikanyaga sasa kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti linabaki limekunjika kidogo tu. Langu lilikunjika kama nimekalia kigoda! Akalegeza nati, akapandisha siti inchi mbili. Goti halikupona siku hiyo, ila lilipona. Nyie pandisheni kidogo kidogo, mwili uzoee. Kiuno kikianza kuyumba kushoto na kulia, umezidisha, na maumivu yatahamia nyuma ya goti. Ule mstari wa kikomo uliochongwa kwenye bomba la siti usitokeze nje ya fremu kamwe. Bomba linaweza kukatika.

Kwenye baiskeli ya Phoenix unakaa wima, uzito mwingi uko makalioni, ndiyo maana siti yake ni pana na ina springi. Kwa kubeba dumu la maji sijaona kama hiyo. Tatizo ni upepo. Kiangazi hapa Dodoma unavuma kutoka mashariki, na asubuhi Mtumba ndiko uendako, kwa hiyo kifua chako kinakuwa tanga. Kunja viwiko, inama. Mwendesha baiskeli Graeme Obree wa Scotland alivunja rekodi ya dunia ya umbali wa saa moja mwaka 1993, kilomita 51.596, mikono ameikunja chini ya kifua ili upepo usimshike.

Baiskeli ya mashindano inakuinamisha yenyewe, na misuli ya makalio inasukuma zaidi, ila mikono inabeba uzito. Ukikaza viwiko vidole vinakufa ganzi. Mimi nimebaki na ya gia yenye usukani wa kawaida.

Bomba la siti nimelipaka rangi ya kucha nyekundu kwenye kimo changu. Mtu akiiazima baiskeli akashusha siti, narudisha kwenye alama kabla sijatoka getini.