Kulupu MIDI jukwaani: ushauri kwa wapiga kinanda wa kumbi za Mwanza

Kwenye kumbi nyingi za Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Nyakato, kamati ya harusi siku hizi inalipia watu wawili: mwimbaji na mpiga kinanda. Bendi kamili yenye ngoma, besi na magitaa ndicho kitu cha kwanza kukatwa kwenye bajeti. Wageni nao wanataka muziki uliojaa. Hapo wengi hukimbilia nyimbo zilizorekodiwa tayari, wakazipiga huku mwimbaji akiimba juu yake. Mimi nakushauri ujifunze kulupu. Unapiga besi mzunguko mmoja, mashine au programu ya laptopu inaikamata na kuirudia, unaongeza ngoma, unaongeza kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja), mikono yako inabaki huru.

Sababu yangu kubwa ni zawadi. Aliyewahi kupiga sendofu huku Usukumani anajua kwamba MC akishaita upande wa mashangazi, hakuna anayeweza kukuambia foleni itachukua muda gani. Wanakuja wanacheza, wamebeba vitenge, masufuria, godoro kichwani, na kuna anayefika mbele, akatunza, akarudi nyuma ya foleni aje tena. Wimbo uliorekodiwa una dakika zake. Ukiisha mashangazi wakiwa katikati ya ukumbi, sherehe inapoa, na kuirudisha ni kazi. Lupu inaendelea mpaka wewe uisimamishe.

Kwa kazi hii chagua MIDI, usilupu sauti yenyewe. MIDI haibebi sauti, inabeba maagizo tu: noti fulani imebonyezwa, kwa nguvu fulani kati ya 1 na 127, noti hiyo imeachiwa. Ilitoka mwaka 1983, na mpaka leo vyombo vinaelewana kwa maagizo yaleyale. Ndiyo maana kinanda cha mtumba chenye tundu la duara la pini tano kinaweza kuzungumza na laptopu mpya, ukiwa na kiunganishi kidogo cha USB katikati. Usikidharau kinanda cha zamani kama vidole vyake, yaani vibonyezo, bado vizima.

Kwa kuwa lupu ni maagizo, unaweza kuibadilisha huku inazunguka. Watu wamechangamka, unapandisha tempo, yaani mapigo kwa dakika, kutoka 112 hadi 118, hakuna sauti inayovutika. Kodi ulizorekodi kwa sauti ya piano zimekuwa nzito, unazihamishia kwenye ogani bila kupiga upya. Mwimbaji anakugeukia, anaonyesha kidole juu, anataka Doh, noti ya msingi ya wimbo, itoke F iende G: unapandisha hatua mbili (nusu toni mbili), besi na kodi zinapanda pamoja.

Ila ngoma usiziguse! Kwenye General MIDI, mpangilio wa sauti unaofuatwa na vinanda vingi, ngoma hukaa chaneli ya 10 (chaneli ni njia ya kutenganisha maagizo ya kila sauti), na kila noti ni kifaa tofauti. Kiki, ngoma kubwa ya mguu, ni noti namba 36; sneya, ngoma ndogo yenye mlio mkali, ni 38. Ukipandisha kila kitu hatua mbili, kiki yako inageuka sneya palepale, mbele ya watu. Kabla hujatoka nyumbani hakikisha kitufe chako cha kupandisha ufunguo hakigusi chaneli hiyo.

Sasa kurekodi kwenyewe, na hapa ndipo pa kutulia. Tuseme pambio liko tempo 120, mapigo manne kwa baa. Baa moja ni sekunde mbili, lupu ya baa nne ni sekunde nane. Weka urefu huo kabla hujaanza, na iamuru mashine ianze kurekodi mwanzoni mwa baa. Ukishafanya hivyo, mguu wako hauna haja ya kukanyaga kitufe kwenye pigo la kwanza hasa. Unakanyaga kwenye pigo la tatu la baa iliyotangulia, mashine inasubiri, baa inapoanza inarekodi, baa nne zikitimia inafunga yenyewe. Wanaokanyaga kuanza na kukanyaga kufunga kwa hesabu ya kichwani hupata lupu inayochechemea kila ikirudi mwanzo, na sikio la mcheza dansi linaisikia hata kama hajui inatoka wapi.

Wapiga rumba wana shida yao ya ziada. Besi ya rumba hupenda kulitangulia pigo la kwanza. Ile noti unayoibonyeza kabla baa haijaanza inaanguka nje ya lupu, kwa hiyo kila mzunguko unaanza na tundu. Dawa yake ni kuiacha mashine katika hali ya kuongeza juu ya kilichopo. Piga mzunguko wa kwanza kama kawaida, na ukifika mwisho wa baa ya nne ipige ile noti ya kutangulia, fupi. Sasa imeingia mahali pake, mwishoni mwa lupu, na itasikika kila inaporudi. Kisha toka kwenye kurekodi.

Pedali ya kushikilia sauti iachie mguu kabisa unaporekodi kodi. Nayo hutumwa kama agizo: imekanyagwa, imeachiwa. Ukiachia baada ya lupu kufunga, agizo la kuachia halimo, na kodi ya mwisho inabaki inalia juu ya kodi ya kwanza, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ukumbi mzima uwe uji. Baadhi ya mashine hukata noti zilizobaki, nyingine hazikati. Shikilia kodi kwa vidole, uachie kidogo kabla ya mwisho. Na uwe na kitufe kimoja cha kuzima noti zote zinazoning'inia, mahali ambapo mkono unafika gizani.

Halafu chaneli. MIDI ina chaneli 16, nawe huenda hutahitaji zaidi ya tano, lakini zigawe kwa nidhamu: besi yake, kodi yake, pedi (sauti ndefu laini ya kujaza nyuma) yake, ngoma yake, na moja ibaki ya mkono wako wa wakati huo, isirekodiwe kitu. Kama mkono wako na lupu ya piano viko chaneli moja, siku utakapochagua sauti ya tarumbeta ili umpokee bibi harusi, piano iliyo kwenye lupu nayo itakuwa tarumbeta. Na kama unatumia kinanda kimoja kupiga na pia kutoa sauti za lupu kutoka kwenye laptopu, ingia kwenye mipangilio yake uzime Local, yaani njia inayofanya kidole kilize sauti ya kinanda moja kwa moja. Usipoizima, kila noti inalia mara mbili: mara ya kwanza kutoka kwenye kidole, mara ya pili ikirudi kutoka kwenye laptopu. Sauti inakuwa nyembamba na ya ajabu, na fundi mitambo atahangaika na spika bure.

Nyimbo nyingi za kwaya na za ngoma zetu zinatembea kwa 6/8, ambako kila pigo hugawanyika kwa vitatu. Mashine nyingi zinawaka zikiwa 4/4, mapigo manne kwa baa, na usahihishaji wa noti (mashine kuzisogeza noti zikae sawa na pigo) umewekwa kwenye vipande vya kumi na sita, vinne kwa kila pigo. Ukirekodi pambio la 6/8 hivyo, mashine itazivuta noti zako kwenda mahali ambapo hazikuwa, na utamu wote unakufa. Badilisha kipimo kiwe 6/8, au chagua gridi ya tripleti, vipande vitatu kwa kila pigo. Hata kwenye 4/4 mimi sisahihishi kwa asilimia 100. Nusu yake inatosha kunyoosha pale kidole kilipoteleza, na sebene inabaki na mwendo wa binadamu. Ngoma unaweza kuzibana zaidi, besi iache ipumue.

Nini kisiingie kwenye lupu? Melodia, na lile jibu la kinanda kwa mwimbaji. Watu wakisikia kibwagizo kilekile cha vidole kikirudi kila sekunde nane wanajua mashine inapiga, na wanaacha kukuangalia. Weka msingi tu: ngoma, besi, labda pedi nyepesi. Safu tatu zinatosha, nne ni mwisho. Vinanda vingi vya bei nafuu vina uwezo wa kulia noti 32 au 64 kwa wakati mmoja, na sauti nyingi hula nafasi mbili kwa kila noti. Ukijaza safu, noti zako za mkononi ndizo zitaanza kukatika.

Pakiwa na mpiga ngoma wa kweli, muulize kwanza kama yuko tayari kuvaa hedifoni apige akifuata mlio wa tempo. Lupu haimsikii yeye, ni lazima yeye aisikie lupu. Akikataa, mheshimu: acha lupu za mapigo, bakiza pedi ndefu isiyo na mdundo. Na likija kundi la bugobogobo, ngoma ya Kisukuma, na majembe yao, zima kila kitu. Ngoma ile inapanda na kushuka kwa jinsi wachezaji wanavyosukumana, na hakuna namba ya tempo utakayoiweka ikawafaa. Ukitaka kujifunza mapigo yenyewe nenda makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, ukayasikie kwa masikio yako kabla ya kuyatia kwenye mashine. Hili nalisema kwa uchungu kidogo, maana nasikia lupu nyingi zinazoitwa za Kisukuma na hazina Usukuma wowote ndani yake.

Ukiunganisha vifaa viwili vyenye tempo, mathalani laptopu na mashine ya ngoma, kimoja tu kiwe kiongozi na kingine kifuate. Kiongozi hutuma ishara 24 za mwendo kwa kila robo noti. Vikiongoza vyote, baada ya dakika chache vimeachana.

Kuhusu umeme, laptopu ina betri, kinanda mara nyingi hakina. Umeme ukikatika wakati jenereta bado haijawashwa, lupu zilizo kwenye laptopu zipo salama, ila kinanda kikiwaka tena kinarudi na sauti na chaneli za kiwandani, na pengine programu haikitambui tena mpaka uifungue upya. Hifadhi mpangilio wako kwenye kumbukumbu ya kinanda ili uurudishe kwa kitufe kimoja. UPS ndogo, betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika, kwa ajili ya kinanda na kadi ya sauti ni bora kuliko kununua kinanda cha pili. Na ukiwa unafanya mazoezi nyumbani, chomoa waya wa umeme makusudi katikati ya wimbo, uone unarudi kwa muda gani.

Kwa kazi za ufukweni, Capripoint au Bwiru, usiku wadudu wa ziwani hufuata taa kwa maelfu na kujaa katikati ya vidole vya kinanda. Omba taa ielekezwe kwa mwimbaji, wewe uwe na kitaa kidogo tu, na beba kitambaa cha kufunika kinanda MC anapozungumza. Waya wa USB usizidi mita 5. Kama laptopu lazima ikae mbali, tumia waya wa MIDI wa pini tano, unaofika mita 15.

La mwisho ni namna ya kumaliza. Lupu ikikatwa ghafla inasikika kama umeme umekatika, na watu watageuka kuangalia taa. Kubaliana na MC ishara, shangazi wa mwisho akiwa anasogea mbele. Ukiiona, toa pedi, baa nne baadaye toa besi na uishike wewe kwa mkono wa kushoto, kisha toa ngoma mwanzoni mwa baa. Sasa wimbo uko mikononi mwako peke yako, na unaweza kupunguza mwendo pamoja na mwimbaji mpaka kodi ya mwisho.