Maswali ya wasanii: pesa ya wimbo inakwama wapi?

Wimbo wangu mmoja umesikilizwa mara 30,000 Spotify, mwingine mara 700. Miezi miwili sasa sijaona hata mia. Nimeibiwa? (Rapa, Kijenge, Arusha)

Dalili ya wizi bado haipo. Ule wa 700 hauna chake: tangu 2024 Spotify hailipi rekodi isiyofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12. Wa 30,000 una chake, ila usitafute bei maalum ya kila usikilizaji, haipo. Mapato ya kila nchi, ya wanaolipia na ya matangazo, huingia kila moja kapu lake, kisha hugawanywa kulingana na fungu la kila rekodi katika usikilizaji wote. Shabiki wa Berlin anayelipia kila mwezi hukuletea zaidi kuliko wa Unga Limited, hapo Arusha, anayesikiliza bure na matangazo. Hesabu huchelewa miezi miwili mitatu kumfikia msambazaji, yaani kampuni iliyokuwekea wimbo Spotify, naye huwa na kiwango cha chini cha kutoa hela. Ingia kwenye akaunti yako kwa msambazaji, usome ripoti nchi kwa nchi.

Wanaokuuzia "plays" elfu kumi waache na biashara yao. Spotify ikibaini roboti humtoza msambazaji faini, naye atakukata wewe au aushushe wimbo.

Prodyuza alinipa biti bure. Wimbo umetembea, sasa anadai nusu. Hatukuandikiana. (Majengo, Moshi)

"Bure" ya mdomoni haimwondolei haki. Wimbo mmoja una mali mbili: utunzi, yaani maneno na muziki wenyewe, na masta, yaani ile rekodi. Aliyetengeneza biti ana sehemu kwenye utunzi mpaka maandishi yaseme vingine. Masta inategemea nani aligharamia studio na mlielewana nini.

Kaeni chini kabla hamjafika kwa mwanasheria. Ukurasa mmoja unatosha: jina la wimbo, namba ya ISRC (utambulisho wa rekodi, ina herufi na tarakimu 12, msambazaji wako anayo), majina yenu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA pamoja na ya kisanii, asilimia za utunzi, asilimia za masta, tarehe, saini. Kila fungu lijumlike 100 peke yake. Utunzi unaweza kuwa 50 kwa 50 na masta 70 kwa 30. Wengi huandika asilimia moja tu, kisha wanagombana ilihusu mali ipi. Karatasi hiyo iende nanyi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mnaposajili kazi.

Kama biti mliinunua mtandaoni kwa leseni ya bei rahisi, isomeni upya. Nyingi zina kikomo cha usikilizaji na zinakataza kuiweka Content ID ya YouTube, mfumo unaotambua wimbo wako kwenye video za wengine, kwa sababu biti hiyohiyo imeuzwa kwa watu wengine wengi.

Malipo yamerudishwa na benki mara mbili. Kwa nini? (Sakina)

Angalia jina kwanza. Jina la kisanii linakaa sehemu ya msanii tu. Sehemu ya mlipwaji linaandikwa jina la akaunti ya benki, herufi kwa herufi.

Lebo ya nje inanipa dola 5,000 mkononi na video ya dola 4,000. Fungu langu asilimia 20. Nisaini? (Ngaramtoni)

Chukua kikokotoo. Kama mkataba unasema gharama zote zinarejeshwa, una deni la dola 9,000, na linalipwa kutoka kwenye ile asilimia 20 yako tu. Maana yake kazi iingize dola 45,000 ndipo uone dola ya kwanza. Kufikia hapo lebo imeshapata 36,000 zake na imerudishiwa 9,000 iliyotoa. Kwa maoni yetu huo si mkataba wa kusaini kama ulivyo.

Omba video irejeshwe nusu. Omba masta irudi kwako baada ya miaka iliyotajwa, maana "daima" ni neno la kufuta. Asilimia ya lebo kwenye shoo iwe kwa shoo walizozitafuta wao tu. Na uwe na haki ya kukagua vitabu vyao mara moja kwa mwaka. Ukikuta "albamu moja na hiari ya nyingine tatu", hiari hiyo ni ya lebo. Wewe umefungwa albamu nne.

Kikundi chetu cha ngoma, watu saba, kimealikwa kupiga shoo moja Ujerumani kwa euro 2,000. Tuanzie wapi? (Rau, Moshi)

Anzieni kwenye kodi. Ujerumani humkata msanii mgeni asilimia 15.825, kwa hiyo mtabaki na euro 1,683.50. Mwandalizi aandike kwamba 2,000 ni baada ya kodi, na tiketi na malazi ni juu yake.

Viza ya Schengen, ile ya kundi la nchi za Ulaya ikiwemo Ujerumani, huombwa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Msingoje hizo 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, yaani 630 kwa wote, na bima iwe ya angalau euro 30,000 kwa kila mmoja. Barua ya mwaliko itaje majina saba kama yalivyo kwenye pasipoti na iseme mnalipwa. Mwandalizi athibitishe kwa maandishi kama kibali cha kazi kinahitajika. Msijaze "utalii".

Na mavazi: ngozi ya mbega isiingie kwenye mizigo bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Itakamatwa, na mchezaji atapanda jukwaani bila vazi.